Wikiendi ya Magoti ya Mama

Niliota usiku wa jana, tena bila homa wala malaria, kwamba mimi na mama tumefika Uingereza kwa mapumziko ya wikiendi.

Mji wenyewe unaitwa Brackenwell. Ni mji wa kale wenye chemchemi ya maji moto, na watu wamekuwa wakienda kuoga huko tangu enzi za Warumi kwa imani kwamba maji yale yanaondoa maumivu ya viungo. Nyumba zake ni za mawe ya rangi ya asali, zimejipanga kwa nusu duara, na kila nyumba imeigeuzia uso mwenzake ili ione inapika nini. Yalikuwa majira ya baridi. Baridi ya Lushoto naijua, nimezaliwa nayo, lakini ile ya Brackenwell ilikuwa na tabia mbaya. Ilitupita, ikageuka, ikatutazama kuanzia miguuni hadi kichwani, kisha ikaingia kwenye mikono ya sweta zetu bila kupiga hodi.

Mama yangu, Bi. Mwanamvua, alikuwa amevaa kanga mbili, koti la marehemu baba na soksi za kuchezea mpira za kaka yangu.

"Mwantumu," akaniambia, "hawa watu mbona hawasalimii?"

"Wako mapumzikoni, mama."

"Mtu akipumzika anapumzika mpaka mdomo?"

Nilimpeleka kwa ajili ya goti. Goti lake la kulia lilianza ukorofi tangu masika, na sasa halitaki kabisa kupanda mlima wa kwenda shambani kwake. Shamba lenyewe ni la maharage, dogo tu, na nyumbani sote tumemwambia aliache. Hataki. Anasema siku atakayoshindwa kufika shambani kwa miguu yake, tumtandikie mkeka alale moja kwa moja. Analisema hilo huku anacheka, lakini mimi nimewahi kumkuta jikoni peke yake akilipiga lile goti ngumi. Kwa hiyo hata ndotoni nilijua nimefuata nini. Mama lazima arudi Lushoto anatembea.

Kwenye mapokezi ya hoteli tulimkuta karani, naye alikuwa birika la chai. Birika la udongo mweupe, limevaa sweta ya kufumwa yenye tundu la kutolea mdomo na tundu la kutolea mshikio.

"Karibuni," likasema. "Mmekuja kwa bei ya majira ya baridi. Ni nusu."

"Tunashukuru sana," nikasema.

"Kwa hiyo mtapewa nusu."

Likatupeleka chumbani. Kulikuwa na nusu ya kitanda, nusu ya dirisha, na ukutani nusu ya picha ya farasi. Mama akaitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Wametupa upande wa nyuma," akasema. "Mbele wamempa nani?"

Birika lilikuwa limeshatoka. Likatuongoza kwenda kwenye bwawa la kuogea, na njiani tukafika kwenye mlango mkubwa wa mbao nzito. Mlango ukajifungua wenyewe ili tupite, ukiguna kwa ule uzito wake. Sasa mimi nimelelewa kwa namna moja. Nikimkuta mtu analima, anafua au anafagia, siwezi kumpita kimya, maneno yananitoka kabla sijajua namwambia nani.

"Pole na kazi," nikauambia mlango.

Mlango ukasimama pale pale. "Asante," ukasema. Ukajichomoa kwenye bawaba zake, ukaketi sakafuni na kunyoosha miguu. Miguu yenyewe sijui ilitoka wapi.

Birika likageuka. "Umesema nini?"

"Nimeupa pole tu."

"Hapa usiseme hivyo. Huu ni mji wa mapumziko. Anayepewa pole na kazi hapa, anapumzika papo hapo. Ndiyo sheria."

"Na mimi je?" akauliza mama.

"Wewe ni mgeni, bibi. Huna kazi yoyote."

Mama hakulipenda jibu hilo. Maisha yake yote hajawahi kuambiwa hana kazi, tena na chombo cha jikoni. Mimi nikaahidi kuuchunga ulimi wangu, na niliahidi kwa nia njema kabisa.

Tunashuka ngazi. Ngazi ya juu ni ya mawe ya Brackenwell, ya chini ni ya udongo mwekundu, na mara tuko sokoni Lushoto, katikati ya kabichi na plamu. Wauzaji ni wale wale ninaowajua, ila leo wamejifunga mashuka meupe begani kama Warumi. Kati ya muuza plamu na muuza karoti kuna bwawa la maji moto, kubwa, la kijani, linatoa mvuke. Hakuna anayeshangaa. Mama anauliza bei ya plamu, anasema ni wezi, tunaendelea.

Kandokando ya bwawa palikuwa na nguzo, na juu ya nguzo sanamu za mawe za watawala wa zamani. Mmoja wao, aliyevunjika pua, alishuka akatupokea. Mkononi alishika kikapu. Nyuma yake ukutani palikuwa na tangazo: *Tunafunga jua likizama. Kitakachobaki majini ni mali ya makumbusho.* Na chini ya tangazo palikuwa na kabati la kioo lililojaa viwiko, mabega, kiuno kimoja na dole gumba la mguu lililovimba kwa hasira. Vyote vilikuwa vimekaa vinatutazama.

"Wenye viungo hivi wako wapi?" nikauliza.

"Walichelewa," akasema sanamu.

Birika likakohoa. "Bei yenu ni ya nusu, kwa hiyo nusu ndiyo itakayoingia majini."

"Nusu ipi?"

"Inayoumwa."

"Mimi naumwa goti moja tu," akasema mama. "La kulia."

"Magoti hayatenganishwi. Yanaingia pamoja na kutoka pamoja."

Mama akaifunua kanga kwa heshima zake, kidogo tu, kiasi cha kutosha. Magoti yakatoka bila taabu, kama vifuniko vya sufuria, yakaenda yakirukaruka mpaka ukingoni. La kushoto likashuka majini polepole, likisema bismillahi. La kulia likajitupa.

Naangalia. Mama ameketi kwenye benchi la mawe, miguu imenyooka mbele yake, haikunjiki popote. Magoti yake yanaelea katika mvuke, yanazunguka, yanacheka. Nasema kweli, mama aliyaonea wivu.

"Tazama lile la kulia," akasema. "Kwangu halisogei hata likiombwa. Huku linaogelea."

"Ndiyo linapona hivyo, mama."

"Linapona au linanikejeli?"

Sanamu aliyevunjika pua akaniletea glasi. Kila mgeni lazima anywe maji ya chemchemi, akasema, ndiyo desturi ya mji. Nikaenda kwenye bomba la shaba, nikakinga, nikanywa. Yalikuwa ya uvuguvugu, na ladha yake ni kama yai limechemshwa pamoja na msumari. Nikiwa bado nameza, nikasikia chini ya bomba mtu anahema. Anahema kwa shida, kama anayepandisha ndoo mlimani na hakuna wa kumpokea.

Nilikuwa nimeahidi. Lakini mtu akihema vile, unafanyaje?

"Pole na kazi," nikasema ndani ya bomba.

Bomba likanyamaza.

"Nani amesema?" ikauliza sauti kutoka chini.

Kisha Chemchemi ikapanda juu. Ilikuwa ya mvuke mtupu, lakini ilikuwa na viwiko, na ilijitanda kitu mithili ya ushungi. Ikatazama huku na huku, macho yamejaa.

"Tangu Warumi niko chini humo," ikasema. "Wameniita dawa. Wameniita muujiza. Siku hizi wananiita kivutio. Pole, hakuna aliyewahi kunipa."

Ikalia kidogo, jambo ambalo kwa chemchemi si gumu. Halafu ikaja kuketi kwenye benchi, ubavuni kwa mama.

"Shikamoo," akasema mama. Mama hajamwamkia mtu tangu shangazi yake wa mwisho alipofariki, na nilimwona uso umemchangamka kwa kupata tena mkubwa wake.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nini?"

"Goti."

"Wote wanakuja na goti," ikasema Chemchemi, ikaegemeza kichwa ukutani na kufumba macho.

Birika likadondosha kifuniko chake. "Chemchemi! Rudi chini! Kuna wageni majini!"

"Jumatatu," ikajibu bila kufumbua macho. "Wikiendi ni wikiendi."

Maji yakaanza kupoa. Mvuke ukakatika, na pembezoni mwa bwawa ukatokea ukoko mwembamba wa barafu. Muuza plamu akajivutia shuka lake. Nikamgeukia mama, nikamwambia ayaite magoti yake upesi, kabla maji hayajaganda.

"Magoti!" akaita mama. "Tokeni, twende nyumbani!"

La kushoto likaja mpaka ukingoni, likitetemeka. La kulia likabaki katikati ya maji.

"Mimi siji," likasema.

"Huji maana yake nini?"

"Nirudi nikafanye nini? Nipande mlima kwa ajili ya maharage? Asubuhi unaniita shetani. Jioni unanipiga ngumi."

Mama akanitupia jicho, kisha akatazama sakafu. "Nani aliona?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mimi ndiye niliyepigwa," likasema goti.

Hapo nikainua macho kutazama jua, nijue tumebakiwa na muda gani. Bora nisingetazama. Jua la Uingereza majira ya baridi ni dogo, limepauka, linajisukuma nyuma ya wingu bila msaada wa mtu, na unaliona kabisa linavyojikaza. Nikaingiwa na huruma. Nikajua kitakachofuata, nikauziba mdomo kwa mikono miwili. Maneno yakatokea puani.

"Pole na kazi."

"Ah, asante sana," likasema jua, likazama.

Pakawa giza. Birika likanitazama bila kupepesa.

"Umelizamisha jua," likasema.

"Nilikuwa nimeziba mdomo."

"Tumeona ulivyoziba."

Sanamu aliyevunjika pua akakichukua kikapu chake, akaanza kuzunguka bwawa akiokota vilivyobaki majini. Akaokota kiwiko cha mtu, akaokota kisigino. Kwenye kabati la kioo lile dole gumba likasogea kuwapisha wageni.

Niliogopa, sitaficha. Niliwaona ndugu zangu wakitupokea stendi na kuniuliza mama mbona amekakamaa hivyo, nami niwaambie magoti nimeyaacha makumbusho. Lakini zaidi ya ndugu zangu niliuona ule mlima, na shamba juu yake, na mama chini amekaa kwenye kiti anautazama kila siku ya Mungu. Nikataka kulia, nikashindwa hata hilo, maana machozi yaliganda.

Mama yeye hakulia. Alijiweka sawa kwenye benchi na kutoa ile sauti yake ya sokoni, ile anayoitumia mtu akimpimia pungufu.

"Sikiliza wewe. Unataka nini?"

"Mlima siupandi tena."

"Mlima utaupanda. Mimi na wewe tumeupanda toka nikiwa mwari."

"Basi Jumanne na Ijumaa napumzika."

"Ijumaa."

"Jumanne na Ijumaa."

"Ijumaa, na siku za mvua."

Goti likafikiri. Barafu ilikuwa imeshalizunguka. "Na nikandwe kwa mafuta ya karafuu."

"Ya nazi. Ya karafuu ni ya sikukuu."

"Na ngumi je?"

Mama akavitazama viganja vyake. Ndipo goti la kushoto, lililokuwa limejikunyata ukingoni, likafungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu liseme bismillahi.

"Twende zetu bwana," likamwambia mwenzake. "Wewe unalalamika, mimi ndiye ninayebeba zamu yako tangu masika. Hakuna hata anayeniuliza hali. Wewe ni goti linalouma. Mimi ni lile jingine."

Mama akaligeukia lile la kushoto. Alilitazama kama mtu anayemwona jirani yake vizuri kwa mara ya kwanza. Midomo ikamtetemeka, na mama yangu si mtu wa kutetemeka midomo.

"Poleni," akasema taratibu. "Poleni sana, nyote wawili. Mmenibeba, mimi na watoto wangu mgongoni, na sijawahi kuwaambia."

Akaishia hapo. Hilo "na kazi" hakuliongeza, maana alijua yangeketi palepale na yasiinuke tena. Mama yangu ni mtu mwerevu sana.

Goti la kulia likapiga barafu kwa kichwa, likaipasua na kuja mbio. Sanamu naye alikuwa amefika upande wetu, kikapu kimetangulia. Nikainama, nikayanyakua magoti yote mawili kwa pamoja. Yalikuwa ya baridi, yanateleza, yanapiga kelele, na gizani nilikuwa siuoni hata mkono wangu.

"Taratibu, Mwantumu," akasema mama.

"Mama, sanamu huyo!"

"Taratibu nakwambia! Angalia unachofanya!"

Sikuangalia. Nikasukuma moja huku, nikasukuma jingine kule, nikayapiga kwa kiganja mpaka yakalia *ta*, *ta*. Mkono wa jiwe ukagusa upindo wa kanga. Mama akainuka. Akapiga hatua moja, akapiga ya pili, kisha akakimbia. Bi. Mwanamvua alikimbia, na koti la baba likapepea nyuma yake, akalipita bwawa, akazipita karoti, akampita muuza plamu na kumwambia tena kwamba ni mwizi.

Chemchemi ikafumbua jicho moja na kutupungia. "Karibuni tena," ikasema.

Tunapanda ngazi. Nyumba za nusu duara zinageuza nyuso kututazama. Nyuma yetu birika linaita kwamba tumesahau nusu ya kifungua kinywa chetu. Mama ananitangulia, anazidi kunitangulia, nami naita, "Mama, nisubiri!" na hiyo sauti yangu ndiyo iliyoniamsha.

Ilikuwa asubuhi. Ukungu umefunika bonde lote, na jirani anapasua kuni. Nikalala kidogo nikitazama dari, nikijicheka. Sanamu na kikapu. Birika na sweta. Nikaamua sitamsimulia mtu, hasa mama, maana atasema nimeanza kuchanganyikiwa kabla yake.

Nikamsikia anakuja ukumbini. Hatua za mama nazijua, moja nzito, moja ya kuburuta. Akasukuma mlango, akaingia, akaketi miguuni pa kitanda changu na kunyoosha miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umeamkaje? Goti linasemaje?"

"La kulia halina neno," akasema. "Nimelikunja, nimelikunjua, nimechuchumaa nalo. Halina neno kabisa."

"Alhamdulillahi!" Nikaruka kitandani. Nilitaka kumkumbatia.

"La kushoto ndilo linaloniuma."

Nikabaki na mikono hewani. "La kushoto? Mama, la kushoto halijawahi kukuuma."

"Halijawahi."

Akaifunua kanga, kidogo tu. Tukayatazama magoti, yeye na mimi. Akalipapasa lile la kushoto kwa kiganja, kwa upole, kisha akalifunika. Halafu akaniinulia uso na kunitazama kama unavyomtazama mtoto mkubwa aliyevaa ndala kinyume.

"Si nilikwambia taratibu?"